Dhamana ya Madhara: Dawa za Saikosisi na Mipaka ya Dharura

Miongoni mwa maswali magumu ambayo tiba imeyaweka mbele ya falsafa na dini, limo hili: je, ni halali kuudhuru mwili wa mtu ili kumrudishia akili yake, hasa pale ambapo akili inayopaswa kutoa ridhaa ndiyo hiyo hiyo iliyougua? Swali hili huulizwa kila siku, hata kama hakuna anayelitamka, katika kila hospitali inayotoa dawa za kutibu saikosisi, yaani hali ambayo mtu husikia sauti wasizozisikia wengine, huona yasiyokuwapo, au hushika imani isiyotikiswa na ushahidi wowote. Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba madhara hayo yanaweza kuhalalika, lakini uhalali wake una masharti, na sharti lililo kuu ni kwamba anayeagiza dawa hubaki na dhamana ya madhara yake kwa muda wote dawa inapotumika, hata kama nia yake ni njema.

Dawa ya kwanza ya kundi hili, klopromazini, ilianza kutumiwa kutibu saikosisi mwaka 1952 katika hospitali ya Sainte-Anne, Paris, ambako madaktari Jean Delay na Pierre Deniker waliona wagonjwa waliokuwa wamevurugikiwa kabisa wakitulia na kuanza tena kuzungumza na watu. Dawa hiyo, pamoja na nyingi zilizoifuata, huziba vipokezi vya dopamini, kemikali ambayo seli za neva huitumia kupelekeana taarifa. Lakini dopamini hiyo hiyo ndiyo inayoratibu mwendo wa viungo na kuizuia tezi iliyo chini ya ubongo isitoe kupita kiasi homoni inayochochea maziwa, kwa hiyo dawa inayozima sauti kichwani inaweza pia kukakamaza shingo, kutetemesha mikono, kukatiza hedhi, au kumtia mgonjwa katika akathisia, yaani hali ya kutotulia ambayo humfanya ashindwe kukaa wala kusimama mahali pamoja. Baada ya miezi au miaka ya matumizi, baadhi ya wagonjwa hupatwa na mchezo wa midomo, ulimi na viungo wasioweza kuutawala, ambao mara nyingine haukomi hata dawa ikiachwa. Kwa nadra, joto la mwili hupanda sana, misuli hukakamaa na fahamu huvurugika, na mgonjwa asipowahiwa anaweza kufa. Dawa za baadaye, kama vile olanzapini, zimepunguza matatizo ya mwendo, lakini kwa wengi huongeza uzito, sukari na mafuta katika damu, mambo yanayofungua njia ya kisukari na maradhi ya moyo.

Maelezo haya ya kitabibu yana uzito wa kifalsafa. Katika utendaji wa dawa yenyewe hakuna mpaka unaotenga tiba na madhara, kwa sababu nafuu na mengi ya madhara hutokana na tendo lile lile la kuziba vipokezi. Ni binadamu mwenye lengo anayeyaita matokeo fulani uponyaji na mengine maudhi. Kwa kuwa mpaka huo huwekwa na binadamu, ni juu yake pia kueleza aliuweka kwa haki gani, na kwa manufaa ya nani.

Jibu mojawapo mashuhuri limetoka katika theolojia ya Kikristo. Katika karne ya 13, Thomas Aquinas, alipojadili haki ya mtu kujilinda dhidi ya anayemshambulia, alieleza kwamba tendo moja linaweza kuzaa matokeo mawili, moja likiwa limekusudiwa na jingine likiwa nje ya kusudi. Kutokana na fikra hiyo, wanatheolojia waliomfuata walijenga kanuni ya athari mbili, inayosema kwamba tendo lenye matokeo mabaya linaruhusiwa ikiwa tendo lenyewe si ovu, ikiwa jema ndilo linalokusudiwa, ikiwa baya halitumiki kuwa njia ya kulifikia jema, na ikiwa uzito wa jema unatosha kulivumilia baya. Kanuni hii inafichua wazi baadhi ya matumizi haramu. Katika Umoja wa Kisovyeti, mwanahisabati Leonid Plyushch, aliyeachiliwa mwaka 1976, alifungiwa katika hospitali maalumu ya akili kwa sababu ya msimamo wake wa kisiasa na kupewa haloperidoli, mojawapo ya dawa hizi za saikosisi. Hapo mateso ya dawa yalikuwa ndiyo njia yenyewe ya kumvunja mtu, na hakuna jina la tiba linaloweza kuyasafisha. Vivyo hivyo, mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu kuwapa dawa mpya za kundi hili wazee wenye upotevu wa kumbukumbu, baada ya majaribio ambayo kwa kawaida yalichukua wiki 10 kuonyesha vifo vya takriban asilimia 4.5 miongoni mwa waliopewa dawa, dhidi ya asilimia 2.6 kwa wasiopewa. Mzee anapopewa dawa hiyo ili wodi ipate utulivu tu, madhara yanakuwa yake na manufaa yanakuwa ya wengine, na mizani ya kanuni hiyo inakataa.

Hata hivyo, kanuni ya athari mbili ina upungufu, kwa kuwa macho yake yameelekezwa zaidi kwenye nia ya mtendaji wakati wa kuamua. Haisemi mengi juu ya mwezi wa sita au mwaka wa kumi wa matumizi, wakati nia ingali njema lakini mwili wa mgonjwa umeanza kulipa gharama ambazo hakuna anayezihesabu. Hapa ndipo fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, inapoongeza kitu cha msingi.

Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitaja mambo matano ambayo sheria imekuja kuyahifadhi: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Dawa za saikosisi zinagonganisha mawili kati ya hayo, kwa sababu akili huhifadhiwa kwa kuiweka nafsi, yaani uhai na mwili, katika hatari. Mpangilio wa al-Ghazali unaitanguliza nafsi, lakini akili nayo ndiyo sharti la mtu kubeba wajibu, na mafundisho ya Kiislamu humwondolea hesabu ya matendo yake aliyepotewa na akili mpaka itakapomrudia. Mgongano huo hauwezi kumalizwa kwa kutazama orodha tu. Unahitaji kanuni za kupima. Kanuni hizo zimo katika vitabu vya mafaqihi na zilikusanywa katika Majalla, sheria ya madai ya Dola ya Uthmaniya iliyotungwa kati ya 1869 na 1876: kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara yaliyo sawa nayo, kwamba madhara makubwa huondolewa kwa yaliyo mepesi zaidi, na kwamba kinachoruhusiwa kwa dharura huruhusiwa kwa kiasi cha dharura hiyo tu. Kanuni hii ya mwisho inaifanya ruhusa kuwa kitu chenye kipimo na muda, maana yake ni kwamba dozi iliyohalalika wakati wa mlipuko wa ugonjwa haihalaliki yenyewe baada ya mlipuko huo kupita, na kila miadi ya kliniki inapaswa kuuliza upya kama dharura bado ina ukubwa ule ule.

Historia ya klozapini, dawa nyingine ya saikosisi, inaonyesha kipimo hicho kikifanya kazi. Mwaka 1975, muda mfupi baada ya dawa hiyo kuanza kutumika Finland, wagonjwa wanane walifariki kwa sababu chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili dhidi ya maambukizi, zilishuka hadi kukaribia kwisha. Nchi nyingi ziliisimamisha au kuibana. Lakini mwaka 1988 daktari John Kane na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya utafiti wa wiki sita, uliohusisha wagonjwa 268 wa skizofrenia sugu, ugonjwa unaoleta saikosisi, waliokuwa wameshindwa kusaidiwa na dawa nyingine, na asilimia 30 ya waliopewa klozapini walipata nafuu, dhidi ya asilimia 4 ya waliopewa klopromazini. Dawa ikarudi kwa sharti la kupima damu mara kwa mara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliofuatilia kumbukumbu za wagonjwa wa Finland hiyo hiyo kwa miaka 11, ulikuta kwamba vifo vilikuwa vichache zaidi miongoni mwa waliotumia dawa za saikosisi kwa muda mrefu kuliko miongoni mwa wasiozitumia, na kwamba klozapini ilihusishwa na vifo vichache kuliko zote. Kwa hiyo kuiogopa dawa kupita kiasi nako ni madhara, na mgonjwa anayeiacha ghafla bila usimamizi huenda akarudishwa kwenye ugonjwa ule ule. Hatari ya klozapini haikuondolewa na nia njema ya waliotangulia kuitoa. Ilipunguzwa na watu waliokubali kubeba dhamana yake kwa kupima damu wiki baada ya wiki.

Linabaki suala la ridhaa. Saikosisi huweza kumnyima mtu uwezo wa kuamua kwa muda, lakini haimwondolei ushahidi juu ya mwili wake. Anayesema kwamba miguu yake haitulii anasema jambo ambalo yeye peke yake analijua kutoka ndani, na ikiwa mhudumu ataichukulia kauli hiyo kuwa dalili ya ugonjwa na kuongeza dozi, atakuwa ameyazidisha madhara yale yale aliyoambiwa. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005, asilimia 74 ya wagonjwa walikuwa wameacha dawa waliyopangiwa kabla ya miezi 18 kwisha, kwa sababu mbalimbali zikiwamo kutoona nafuu na kushindwa kuvumilia maudhi yake. Idadi hiyo inatosha kuonyesha kwamba wagonjwa hutoa hukumu yao, wakiulizwa au wasipoulizwa. Njia ya haki ni kuwauliza mapema, katika vipindi vya nafuu, ni dawa gani wanaikubali, ni madhara gani hawako tayari kuyabeba, na nani awasemee wakizidiwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya na Tanzania zimeuridhia, unataka huduma za afya zitolewe kwa ridhaa huru ya mtu aliyeelezwa.

Mafaqihi walimtoza dhamana anayejitia katika utabibu bila kuujua, na wakamwondolea tabibu mjuzi aliyeruhusiwa na asiyevuka mipaka. Kwa dawa za saikosisi, kutovuka mipaka kuna maana inayoeleweka: kueleza madhara kabla ya dozi ya kwanza, kupima uzito, sukari na damu, kuchunguza mwendo wa viungo, na kupunguza dozi dharura inapopungua. Mahali ambapo sindano inapatikana lakini mizani na kipimo cha sukari havipatikani, dhamana hiyo haimwelemei muuguzi peke yake; inaihusu pia serikali inayonunua dawa bila kununua vipimo vyake, na jamii inayoridhika mgonjwa akinyamaza bila kuuliza amenyamaza kwa nafuu au kwa mateso. Akili ni amana kubwa, na kuitetea kwa dawa ni wajibu, mradi mwili unaolipa gharama ya utetezi huo uwe na mtu anayeihesabu gharama hiyo pamoja na mwenyewe na aliye tayari kuulizwa juu yake.