Yatupasa Nini kwa Mtoto wa Paka?

Katika vijiji vyetu, kama Busi na jirani zake huko Kondoa, paka hafugwi kwa mapambo. Mtama, uwele na mahindi yakisha kuingia kihengeni, yeye ndiye mlinzi wa usiku azuiaye panya. Kazi yake twaijua, na faida yake twaila. Lakini azaapo, na watoto wake wakaanza kudhoofika, wengi husema, "Ni paka tu," wakawatia guniani na kuwatupa porini. Je, neno hilo "tu" laweza kutuondolea wajibu mbele ya Mungu?

Wako wajibuo kwamba mnyama hana roho isiyokufa, na kwamba mahali ambapo mama hutembea mwendo mrefu na mtoto mgonjwa mgongoni akitafuta dawa, ni aibu kuhangaika na paka. Hoja hii si ya kudharauliwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha kwamba haifai kuwatumilia wanyama fedha ipasayo kwanza kuondoa taabu za watu. Lakini mafundisho hayo hayo yasema kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu, wastahili wema wetu, na kwamba kuwatesa au kuwaua bila sababu ni kinyume cha heshima ya mwanadamu mwenyewe. Jirani zetu Waislamu, ambao ni wengi katika nchi ya Kondoa, nao wana mapokeo juu ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka hata akafa kwa njaa. Tena Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 yakataza ukatili kwa wanyama.

Basi, na tuangalie ni nini hasa kinachotakiwa kwetu. Mtoto wa paka huzaliwa na uzito wa gramu 100 hivi, macho yamefumba. Huyafumbua kati ya siku ya 7 na ya 14. Majuma ya kwanza hawezi kujitia joto mwenyewe, na usiku wa Juni katika nyanda zetu za juu si mpole. Aliaye bila kukoma, au anyamazaye peke yake mbali na wenzake, asiyenyonya, mwenye mwili baridi, ufizi mweupe, macho yaliyogandamana kwa usaha, au ngozi ibakiayo imesimama ikifinywa: huyo ni mgonjwa, wala hana siku nyingi za kungoja.

Kumsaidia hakuanzi na fedha. Kwanza apashwe joto polepole, kwa chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kitambaa; ndipo arudishwe kwa mama yake anyonye, kwa maana tumbo lililopoa halisagi maziwa. Macho yasafishwe kwa maji yaliyochemshwa yakawa vuguvugu. Viroboto waondolewe kwa kitana, kwani waweza kummaliza damu. Na hapa huruma bila maarifa huua: maziwa ya ng'ombe humharisha, dawa ya kuogeshea mifugo yaweza kuwa sumu kwake, na parasetamoli, impozayo mtu maumivu, humuua paka. Asiyejua na amwulize afisa mifugo. Na kama hakuna tumaini, heri kifo chepesi mkononi mwa mtaalamu kuliko jua na siafu wa porini.

Twaona, basi, ya kuwa udhuru wa umaskini haufiki mbali. Mtoto wa paka hadai kwanza mfuko wetu; adai jicho limtazamalo kila asubuhi. Na jicho hilo si la paka peke yake. Mtoto mchanga wa binadamu naye hawezi kusema aumwapo. Naye hukataa ziwa, hupoa au huwaka moto, hunyamaza. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha zamani kwamba azoeaye ukatili kwa mnyama aweza kuuhamishia kwa mtu. Sisi twaongeza: azoeaye kuwatazama wadogo wasio na sauti atamwona pia ndugu yake.

Wazazi, mnapowapa watoto gunia walipeleke porini, mwawapa na fundisho ndani yake. Wapeni kitambaa na maji ya moto.