Kusikiliza Yasiyotuhusu

Tumefundishwa tusijitie katika mambo ya watu. Je, basi, ni vibaya kusikiliza yasiyotuhusu? Huko Uingereza iko redio ya taifa, Radio 4, iliyoanza mwaka 1967. Kazi yake ni maneno zaidi kuliko muziki. Kwa siku moja ya kazi hutoa sala fupi alfajiri, kisha habari, mazungumzo ya elimu, mchezo wa maisha ya wakulima, na hali ya bahari kwa mabaharia. Hivyo mkulima aliye mbali na pwani husikia dhoruba itakayompiga mwingine. Asikilizaye yampendezayo tu hamjui jirani yake. Msengenyaji husikiliza apate kusema; mwenye upendo husikiliza apate kusaidia. Basi na tusikilize, kisha tuinuke.