Heshima ya Askari na Haki ya Vita

Je, yawezekana kumheshimu askari bila ya kuvisifu vita alivyopigana? Swali hili liliwatatiza watu wa Marekani baada ya vita vya Vietnam, ambavyo vilitia utengano hata baina ya baba na mwana katika nyumba moja.

Askari wengi waliporudi hawakulakiwa kwa shangwe. Mmoja wao, Jan Scruggs, alianzisha mchango mwaka 1979, na watu binafsi wakatoa zaidi ya dola milioni 8. Serikali ilitoa kiwanja mjini Washington. Katika mashindano ya mwaka 1981 ililetwa michoro 1,421, akashinda Maya Lin, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale mwenye umri wa miaka 21. Mchoro wake ulikuwa wa kuta mbili za mawe meusi zilizozama ardhini, zikikutana mfano wa kurasa za kitabu kilichofunuliwa. Hapana farasi wala jemadari. Mna majina tu, bila ya vyeo, yakifuata tarehe walizoangukia wenyewe.

Ukuta ulipofunguliwa mwaka 1982, wapo waliokuwa wameshausema kuwa ni alama ya aibu. Ili waridhike, sanamu ya askari watatu iliongezwa mwaka 1984. Kwa maoni yangu, walitaka jiwe litamke kwamba vita vilikuwa vya haki, nalo halikutamka. Halikutamka kinyume chake pia. Kijana aliyetwaliwa kwa nguvu ya sheria hakuulizwa shauri; jina lake, basi, haliwezi kufanywa shahidi wa haki ya vita. Hata aliyejitolea aliamini neno la wakubwa wake. Wote wawili wanadai kukumbukwa kwa sababu walitumwa, na deni ni la mtumaji. Deni la mjumbe hulipwa hata ujumbe ukiwa mbaya.

Hata hivyo, ukuta una kimya chake. Majina yaliyochorwa yapita 58,000. Wavietnam waliokufa, askari na raia, huhesabiwa kwa mamilioni. Yamkini tutaambiwa kwamba kila taifa huzika maiti wake. Jibu hilo lafaa kwa makaburi. Kwa mtu anayepima haki ya vita ni fupi mno. Jiwe limesuguliwa hata likang'aa, na asomaye jina huiona sura yake katikati ya majina. Aliyeuawa na mwenye jina hilo kando ya mto Mekong haonekani.