Umeandikwa katika kaye ya nani?

Mama aliuza sabuni, chumvi na mawese katika soko la Kasongo. Chini ya meza yake, ndani ya kikapo, kulikuwa na kaye ya shule iliyochakaa pembe zote. Yeye hakujua kusoma. Karani wake nilikuwa mimi. "Andika mama wa kule mtoni, sabuni mbili, atalipa mpunga ukivunwa." Naandika. Nilidhani kaye ile ni ya madeni tu, hadi siku nilipomwuliza kwa nini mwanamke mmoja mwenye deni anajaziwa kikombe cha chumvi mpaka kinamwagika, tena anaongezwa matabishi, ilhali mwingine aliyelipa pesa mkononi amepimiwa bapa, bila hata chembe ya ziada. Mama hakuinua macho. "Yule tumetoka naye mbali," alisema. "Huyu pesa yake naijua, yeye simjui."

Maneno hayo yalinirudia juzi, binti wa kaka yangu aliponitumia ujumbe wa sauti kutoka Brussels, anakofanya kazi ya uuguzi. Alikuwa anacheka, lakini kicheko chenye swali ndani yake. "Baba mdogo, huku kuna sakoshi ambayo hata ukiwa na pesa huuziwi. Ni lazima kwanza ununue vitu vingine, wakuzoee. Mwenzangu wa kazini ameshanunua kitambaa cha shingo, viatu, na sahani ambazo hali chakula ndani yake. Anasema anajenga historia. Nianze na mimi?"

Kabla ya kumjibu nilitaka kuelewa. Sakoshi inayosifika kuliko zote kwa habari hiyo inaitwa Birkin, ya nyumba ya Hermès ya Paris, iliyoanza mwaka 1837 kwa kushona hatamu na lijamu za farasi. Bei yake dukani inaanzia juu ya dola 10,000. Huikuti imetundikwa ukutani ikikungoja, wala huiagizi kama unavyoagiza kitanda kwa seremala. Watu wanaoitafuta wanasimulia kwamba unamzoea muuzaji mmoja, unanunua hiki na kile kwake, kisha siku moja, ukibahatika, unaitwa pembeni na kuonyeshwa boksi. Mwezi Machi 2024 wateja wawili wa California waliishtaki kampuni hiyo, wakidai kwamba inawalazimisha watu kununua vitu wasivyovihitaji ili wafikie wanachokihitaji. Walidai pia kwamba wauzaji hawapati kamisheni wakiuza Birkin, ila wanaipata wakiuza vile vitu vingine. Mwaka 2025 jaji aliitupa kesi hiyo. Mwenye mali ana haki ya kuchagua atamuuzia nani, na hakuna sheria inayomlazimisha mtu kuitamani sakoshi.

Kilichonigusa zaidi ni asili yake. Jane Birkin, mwimbaji na mwigizaji wa Kiingereza aliyeishi Ufaransa, alikuwa akitembea na kikapo cha kusukwa, kama mama zetu waendapo sokoni. Siku moja ndani ya ndege vitu vyake vilimwagika, na jirani yake kwenye kiti alikuwa Jean-Louis Dumas, mkuu wa Hermès. Jane akalalamika kwamba hapati mfuko unaomfaa mama mwenye mtoto mdogo. Mwaka 1984 ukazaliwa mkoba wenye jina lake. Yeye mwenyewe aliutumia bila huruma: aliujaza mpaka ukavimba, akaubandika vibandiko, akauning'inizia shanga. Alifariki mwaka 2023. Julai 2025 ule mkoba wake wa kwanza, uliokwaruzika na wenye madoa, uliuzwa kwa mnada mjini Paris kwa zaidi ya euro milioni 8. Wenye Birkin mpya wanaifunika mvua ikinyesha. Iliyopata bei kuliko zote ni ile iliyofanya kazi ya kikapo.

Nilitaka kumwambia binti yetu kwamba huo ni wazimu wa Wazungu. Ulimi ukakataa, kwa sababu hapa kwetu, kusini mwa Maniema, hatuna ugeni wowote na jambo hilo. Mji huu wenyewe ulisimama juu ya historia ya manunuzi.

Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mfanyabiashara aliyeitwa Tippu Tip, alipofika kutuwekea makao yake hapa Kasongo katika miaka ya 1870, nguo na shanga alizokuwa nazo hazikuwa zake. Zilikuwa mali kauli: bidhaa unazokabidhiwa kwa neno lako tu, uende bara, urudi na pembe za ndovu. Zanzibar alikuwapo Taria Topan, tajiri wa Kihindi aliyewahi kusimamia forodha ya kisiwa, ambaye mali yake ilitembea huku ndani ya mizigo ya watu ambao yeye hakuwaona kwa miaka. Kwa kawaida mtu hakupewa mzigo mkubwa mara ya kwanza. Ulianza na kidogo, ukarudi nacho, ukapewa zaidi, mpaka jina lako likawa ndiyo dhamana. Tippu Tip aliondoka Unguja mwaka 1870 na hakurudi hadi 1882. Kumngoja mdeni miaka 12 si mchezo.

Ningependa kuishia hapo na kuisifu heshima ya neno. Lakini pembe hazikujibeba zenyewe kutoka Kasongo hadi Kabambare, na kutoka Kabambare hadi ziwa Tanganyika, livukwe hadi Ujiji, kisha pwani. Zilibebwa juu ya mabega ya watu, na wengi wao waliondoka kwao wamefungwa. Huko mbali, pembe hizo zilikuwa vishikio vya visu na vibao vya piano katika nyumba za watu wenye hadhi. Kaye ya Zanzibar iliandika uaminifu wa mfanyabiashara kwa ukamilifu. Jina la mpagazi aliyeangukia njiani halikuwa na ukurasa.

Msifikiri hayo ni ya zamani. Nendeni Salamabila, katika teritware ya Kabambare, kwenye dhahabu ya Namoya. Kijana anayetaka kuchimba hana mchele, hana nyundo, hana pesa ya kungoja mpaka mwamba ufunguke. Mfanyabiashara anamkopesha. Sharti ni moja: dhahabu ikitoka, haiendi kwa mwingine, na bei anaijua aliyekopesha. Kijana naye anavumilia, kwa sababu ana ndoto. Mwaka huu ni mchimbaji, kesho mwaminifu wa bosi, kesho kutwa huenda akakabidhiwa mtaji wake, awe PDG wa shimo, aitwe kwa cheo hicho barabarani na watu wampishe. Ananunua viatu vyekundu kwa mkopo, ananunulia wenzake bia kwa mkopo, ili aonekane ameshakaribia. Anajenga historia. Bei ya mchele katika kaye ya bosi si bei ya sokoni, na yeye analijua hilo. Mwenzake binti yetu kule Brussels, mwenye sahani asizolia, angekaa na kijana huyu meza moja, wangeelewana bila mkalimani.

Ipo njia nyingine ya kupanda, na wazee wetu waliijua. Kaskazini mwetu kidogo, kwa ndugu zetu Warega wa Pangi, kulikuwa na Bwami. Huko nako hukupewa kitu cha thamani kwa kukitaka. Kulikuwa na ngazi, na kila ngazi ilikuwa na gharama yake: mbuzi, vyakula, na fedha ya vipande vya konokono iliyoitwa musanga. Ngazi ya juu kabisa, kindi, ndiyo iliyokuwa na haki ya sanamu na sura za pembe. Mtu angeweza kutumia maisha yake yote akitoa, na asifike. Tajiri wa siku moja hakuruka foleni.

Ukitazama kwa mbali utasema ni duka lile lile la Paris. Karibia uone. Kwanza, mali iliyotolewa ililiwa. Iligawanywa kwa waliokuja, waliocheza na waliofundisha, na wao walikuwa na yao ya kutoa siku nyingine. Pili, hukuweza kupanda peke yako: ulihitaji ndugu wa kukuchangia, hivyo mtu aliyegombana na ukoo mzima alibaki chini hata zizi lake likijaa. Mke naye alikuwa na ngazi zake, na kwa zile za juu mume na mke walikwenda pamoja. Tatu, ulichokuwa ukinunua hakikuwa kile kisanamu. Ulikuwa unafundishwa methali, moja baada ya nyingine, na kila kitu kidogo cha mti au pembe kilikuwa mlango wa methali yake: namna ya kujizuia, ya kutosema ovyo, ya kukaa na watu. Kisanamu bila fundisho kilikuwa mfupa tu. Na mwenyewe akifa, kilipita mikononi mwa mwingine, kimeng'aa kwa kushikwa na vizazi.

Sisemi Bwami ilikuwa pepo. Palikuwa na majivuno ndani yake, maana palipo na ngazi hapakosi wa kutazama chini. Serikali ya Wabelgiji iliipiga marufuku mwaka 1948. Wazee wengine walificha vitu vyao, na vingi viliondoka. Leo vimekaa ndani ya vioo vya makumbusho ya Ulaya, vina namba, na hakuna anayeviimbia methali. Hata vile vilivyokatazwa kununuliwa kwa haraka vilinunuliwa kwa haraka, na watu wasiopita ngazi hata moja.

Basi nikapata jibu la kumpa binti yetu, au nilidhani nimelipata. Nikamwambia: "Mwanangu, sikukatazi kitu kizuri. Ngozi iliyoshonwa kwa mkono na fundi anayejua kazi ni jambo la kuheshimu. Lakini kabla hujanunua kitambaa, uliza kaye wanayokuandika ni ya namna gani. Bibi yako alikuwa na kaye. Kifo kikiingia nyumba ya mwenye deni, alikuwa ananiambia: piga mstari. Napiga mstari, deni linakufa, kesho yake anabeba kilo ya mchele kwenda kuketi na wafiwa. Hiyo ni kaye inayokujua. Huko dukani, siku ukifiwa, kompyuta itaona tu kwamba mwezi huu hukununua."

Nilijiona nimesema vizuri. Akanyamaza kidogo, kisha ujumbe wake ukaingia, mfupi.

"Sawa, baba mdogo. Na ile sukari yako?"

Walioko Kasongo wataelewa. Ni miaka sasa kila kilio kinachosikika katika ukoo wetu, kuanzia hapa hadi Kabambare, mimi natuma sukari. Kilo tano, na ikibidi namlipa kijana wa pikipiki aifikishe. Watu husema ni moyo. Lakini binti yetu alikulia nyumbani kwangu, na alikuwapo mwaka ule ukoo ulipokaa kumchagua msemaji wake na jina langu likapitwa. Nilimpongeza aliyechaguliwa, nikamshika mkono mbele ya watu. Usiku, kitandani, nilihesabu kilo zangu kichwani, kilio baada ya kilio, na nikakuta sikusahau hata kimoja. Nilikuwa na kaye yangu ya siri, nadhifu kuliko ya duka lolote.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi nilikuwa nimeigeuza: nikilipa matanga mapema, nikitarajia harusi.

Nilimjibu: "Umenishika." Sikuwa na zaidi. Ningeweza kujitetea kwamba sukari yangu angalau ilinyweka, haikukaa ndani ya boksi lenye utepe. Kwamba wajane waliketi na kikombe cha moto mkononi, na kikombe hakikuuliza nia ya aliyetuma. Hilo ni kweli, na linanifariji kidogo. Lakini mama, aliyemjua mtu kabla ya kuijua pesa yake, asingehitaji utetezi huo.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na kilio mtaa wa jirani, kwa watu wasio wa ukoo wetu, ambao hawana kiti chochote cha kunipa. Nilisimama dukani muda mrefu kuliko kawaida. Kisha nikanunua sukari, nikaibeba mwenyewe kwa mguu, na njia nzima nikajaribu kuisahau bei yake. Sikuweza. Nilipofika walikuwa wameshachemsha maji.