Kwaruza Kwanza

Somo: Ayubu 14:7–10, Yohana 19:39–40

Kuna neno linazunguka: tung'oe vile vijiti vya uzio nyuma ya kanisa, tuvifanye kuni, tununue waya. Ati vimekufa. Mimi nimesomea biashara, hesabu ya waya naijua, na bado nasema tungoje.

Mti ule ni wa jamii ya Commiphora, ndugu wa damu wa manemane ya kwenye Biblia. Pori letu, kuanzia hapa Marungu mpaka ndani ya Tsavo, limejaa jamii hiyo. Kiangazi kikija unadondosha majani, unabaki miiba mitupu, miezi na miezi. Haujafa, umejibana tu. Ndiyo maana mtu hukata tawi lake wakati wa ukavu na kulichimbia chini sana kabla mvua haijaanza, nalo likaota mizizi. Matawi ya miiba ya kurundika tu, mchwa huyamaliza, na mwakani unaanza upya. (Ndovu haumzuii, tusidanganyane. Kwa ndovu, waulizeni majirani wa Sagalla na mizinga yao ya nyuki.)

Ukitaka kujua kama uko hai, kwaruza gome kwa ukucha. Ukiona kijani, uache.

Sasa, mwezi huu tunahakiki orodha ya washirika, nami nimeletewa majina ya kufutwa. Vijana wa bodaboda. Waliokwenda Mombasa kutafuta kazi. Dada mmoja ambaye tangu afiwe hajaonekana. Naambiwa, "Hao wamekauka, pasta." Nani amekwaruza? Nani amefika mlangoni, jameni?

Ayubu alisema mti uliokatwa una tumaini, ukinusa maji utachipua. Lakini mtu akifa, basi. Alisema kwa uchungu, simlaumu. Hata Nikodemo aliona yameisha. Alibeba manemane na udi, uzito wa kama ratli mia, kwa maziko ya mwili ambao siku ya tatu haukuwemo kaburini!

Kwa hiyo sifuti jina kwanza. Jumamosi saa tisa, baada ya usafi, tutagawana majina, wawili wawili. Usiende na lawama, na bahasha ya mchango iache nyumbani. Keti, sikiliza, omba nao wakikubali. Na vijiti vya uzio visiguswe mpaka vuli ipite.