VISA VYA BIBLIA SI HIRIZI



Katika nyakati ambazo mtu haijui kesho yake, twapenda sana kukimbilia visa vya Biblia. Mvua ikichelewa, twamkumbuka Eliya na kile kiwingu kidogo kilichotoka upande wa bahari. Kijana akimaliza masomo na kukosa kazi, twamkumbuka Yusufu gerezani. Ziwa likichafuka, twamkumbuka Bwana wetu alivyoikemea dhoruba. Hilo ni jambo jema, na ndiyo sababu visa hivyo viliandikwa. Lakini yatupasa kujiuliza: twavitumiaje? Maana iko njia ya kukitumia kisa kitakatifu kama mtu anavyotumia hirizi. Hukivaa shingoni, kisha hutumaini kwamba kwa kuwa anacho, basi yaliyompata Danieli ndiyo yatakayompata yeye, na simba hawatamgusa.

Sisi watu wa kusini tuna sababu ya kuliangalia jambo hili kwa makini. Mwaka 1905 wazee wetu wengi walipewa maji ya dawa wakaambiwa kwamba risasi za Wajerumani hazitawadhuru. Nalitaja hili si kwa kuwadharau. Walikuwa na haki ya kuzichukia kodi na kazi za kulazimishwa, na ushujaa wao hauna shaka. Lakini risasi zilibaki risasi. Tarehe 27 Februari 1906 wakuu wa Wangoni walinyongwa Songea, na baada ya hapo vyakula vilichomwa mashambani na maghalani, hata njaa ikaua watu wengi kuliko vita yenyewe. Mtu aliyepewa hirizi huacha kuuliza maswali ambayo angeuliza kama asingekuwa nayo. Na Mkristo anaweza kufanya hivyo hivyo kwa kurasa za Maandiko.

Tuchukue mfano wa ziwa letu. Kisa cha dhoruba kimo katika Marko 4. Wanafunzi walilia, Bwana akaamka, upepo ukatulia. Wako wasemao, “Mimi nina Yesu katika mtumbwi wangu, hata mwera uvume, nitavuka.” Basi tuwatazame watu wawili wa kanisa letu. Chauncy Maples na William Percival Johnson walitoka Uingereza mwaka 1876, vijana, marafiki, wakaja kumtumikia Mungu katika nchi hizi. Maples aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Likoma katikati ya mwaka 1895. Septemba ya mwaka ule ule, akiwa njiani kuelekea Likoma, mashua yake ilipinduliwa na dhoruba usiku, akafa maji. Alikuwa na umri wa miaka 43. Johnson, ambaye macho yake yalikuwa yameharibika vibaya, aliendelea kuuzunguka mwambao huu kwa miaka mingi, mpaka alipofariki Liuli mwaka 1928. Kaburi lake liko pale, nanyi mwalijua.

Je, tuseme Johnson alikuwa na imani kuliko Maples? Hakuna Mkristo mwenye akili atakayesema hivyo. Tuseme basi kwamba Maandiko yalimdanganya Maples? Wala. Kisa cha dhoruba hakikuahidi kwamba chombo cha mwamini hakitazama. Chatufundisha ni nani aliye pamoja nasi chomboni, na kwamba yeye ndiye Bwana wa upepo na maji, tukivuka au tukizama. Tena Maandiko hayo hayo yana dhoruba nyingine, katika Matendo 27. Pale Paulo aliwaonya mapema wasisafiri, maana majira ya hatari yalikuwa yamefika. Hawakumsikiliza. Watu 276 waliokolewa wote, lakini merikebu ilivunjika na shehena ikatupwa baharini. Mtume mwenyewe, pamoja na imani yake yote, aliyatazama majira kabla ya kung’oa nanga. Mvuvi wa Liuli au Mbamba Bay anayeutazama mwera na kuahirisha safari hajapungukiwa imani hata kidogo.

Sisi tuliofundisha darasani twaujua ugonjwa huu vizuri. Mwanafunzi huona jibu la hesabu ya jana, kisha huliandika jibu lilo hilo katika hesabu ya leo. Jibu la jana lilikuwa sahihi. Kosa ni kwamba hakujifunza njia.

Sasa tuje kwenye jambo linalogusa kila nyumba ya mtaa wetu, yaani akiba ya chakula. Kwetu mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi mpaka Aprili au Mei. Chakula huwa kingi Julai. Februari vihenge vya wengi huwa vitupu na mahindi mapya bado mabichi. Nyumba nyingi huuza mahindi kwa bei ya chini wakati wa mavuno, kisha huyanunua yale yale kwa bei ya juu wakati wa njaa. Basi Mkristo aweke akiba au asiweke? Auze au agawe? Akiifungua Biblia atakuta visa vitatu ambavyo kwa mtazamo wa haraka vinapingana.

Cha kwanza ni mana, katika Kutoka 16. Waisraeli waliambiwa waokote ya siku moja tu. Waliobakiza hadi asubuhi walikuta mabuu na harufu mbaya. Cha pili ni Yusufu, katika Mwanzo 41. Yeye aliweka sehemu ya tano ya mavuno kwa miaka saba, na kwa akiba hiyo watu wa Misri na wa nchi za jirani waliokoka. Cha tatu ni yule tajiri wa Luka 12, aliyeazimia kuyabomoa maghala yake ili ajenge makubwa zaidi, akaambiwa kwamba usiku ule ule roho yake itatakiwa.

Mtu mvivu atachagua kisa cha kwanza na kusema, “Mungu atatupa ya kesho.” Mtu mchoyo atachagua cha pili na kusema, “Mimi ni Yusufu.” Na mtu anayetaka kumhukumu jirani yake mwenye ghala atachagua cha tatu. Kila mmoja atakuwa na aya ya kujitetea. Ndiyo maana nasema kuchagua aya hakutoshi. Hatuna budi kuvisoma visa vyote vitatu hadi mwisho, kwa pamoja.

Tukivisoma hivyo twaona mambo makubwa. Katika kisa cha mana, siku ya sita watu waliagizwa waokote maradufu kwa ajili ya Sabato, na akiba ile haikuoza. Kwa hiyo kuweka akiba peke yake si dhambi. Walioona mabuu walikuwa wameweka akiba kwa kutokuliamini neno waliloambiwa, nao walikuwa jangwani, bila shamba, wakilishwa kwa mkono. Sisi tunayo mashamba na majembe. Tajiri wa Luka naye hakuhukumiwa kwa sababu shamba lake lilizaa sana. Lakini angalieni jinsi anavyozungumza: ni yeye na nafsi yake tu. Katika maneno yake yote hakuna mke, hakuna jirani, hakuna maskini, hakuna Mungu. Yusufu aliweka kwa ajili ya taifa zima, na hata ndugu zake waliomuuza walikula katika ghala lile.

Kwa hiyo tofauti haiko katika ukubwa wa ghala. Iko katika swali: limejengwa kwa ajili ya nani?

Hata hivyo tusiishie hapo, kwa maana kisa cha Yusufu kina sura ambayo haisomwi mara nyingi kanisani. Ni Mwanzo 47. Njaa ilipozidi, Wamisri waliishiwa fedha. Wakatoa ng’ombe zao ili wapate nafaka. Mwaka uliofuata wakatoa mashamba yao na miili yao, wakawa watumwa wa Farao. Ni kweli walimshukuru Yusufu kwa kuwaokoa wasife. Lakini nafaka waliyonunua kwa uhuru wao ilikuwa imetoka katika mashamba yao wenyewe! Biblia yaeleza jambo hili bila kutuagiza tulifanye. Miaka mingi baadaye, katika nchi hiyo hiyo, alikuja Farao mwingine asiyemjua Yusufu, na safari hii waliokuwa watumwa ni watoto wa Israeli. Na Mungu alipowapa sheria yao wenyewe, katika Walawi 25, aliwakataza kumkopesha ndugu aliyefilisika kwa riba au kumwuzia chakula kwa faida, akaamuru kwamba katika mwaka wa 50 ardhi irudi kwa wenyewe.

Je, Mwanzo 47 iko mbali nasi? Ulizeni watu wa Mbinga juu ya magoma. Baba ana mtoto anayedaiwa mahitaji ya shule, au mgonjwa, nayo kahawa ingali mbichi mtini. Mwenye fedha humpa kiasi kidogo sasa, na wakati wa mavuno huchukua kahawa ya thamani kubwa mara nyingi zaidi. Serikali imeikemea biashara hii mara kwa mara, na bado ipo, kwa sababu shida ipo. Mpaji wa magoma anaweza kuwa Mkristo anayekaa kiti cha mbele na kujiona ni Yusufu, kwa kuwa ameiokoa nyumba ya mtu siku ya dhiki. Naam, ameiokoa, lakini kwa bei gani? Mwaka unaofuata mwenye kahawa ataanza akiwa na deni, naye atauza tena ikiwa mtini. Ndivyo watu wanavyofika Mwanzo 47, hatua kwa hatua, wakishukuru.

Atauliza mtu, “Basi tufanye nini? Mwenye fedha akiacha kukopesha, mwenye shida atakufa.” Swali hilo ni la haki. Jibu lake nalipata katika Matendo 11. Nabii Agabo alisema kwamba njaa kubwa itakuja. Kanisa la Antiokia halikuichukua habari hiyo kama nafasi ya kununua nafaka mapema na kuiuza ghali. Wala halikusema, “Tuombe tu.” Kila mmoja, kwa kadiri ya uwezo wake, alitoa, wakapeleka msaada kwa ndugu wa Uyahudi kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Hapa twaona akili ya Yusufu ya kuona mbele pamoja na moyo wa jangwani wa kutojilimbikizia.

Jambo kama hili linawezekana hata kwa mataifa. Mwaka 2024 El Niño ilikausha mashamba ya Zambia na Malawi, wakati sehemu nyingi za nchi yetu zilipata mvua tele. Tanzania ilikuwa na nafaka ghalani, katika Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ikakubali kuiuzia Zambia mahindi tani 650,000. Mahindi ya mikoa kama Ruvuma yetu ni sehemu ya akiba hiyo ya taifa. Mwaka mwingine huenda sisi ndio tutakaopungukiwa.

Na katika mtaa wetu? Naweka mbele ya Padre na wazee wa kanisa pendekezo dogo. Wakati wa mavuno kila nyumba iliyojaliwa ilete debe moja la mahindi. Yawekwe katika mifuko isiyopitisha hewa, ambamo dumuzi hufa kwa kukosa pumzi, bila sumu. Februari, nyumba yenye shida ikopeshwe, na irudishe Julai debe kwa debe, bila nyongeza. Atakayesema kwamba wavivu watakula jasho la wengine, na akumbuke kuwa Paulo alimkemea asiyetaka kufanya kazi, si mgonjwa, wala mjane, wala yule ambaye shamba lake lilisombwa na maji. Wazee wa vitongoji wawajua watu wao.

Akiba hiyo haitazuia kila balaa. Hata muhogo, ambao watu wa mwambao huuacha ardhini kama ghala, ulipata adui mwaka 1987, alipogunduliwa nchini kidung’ata, yule mdudu mweupe kama unga. Adui huyo alikuja kupunguzwa nguvu na nyigu mdogo sana aliyeletwa Afrika kutoka Amerika ya Kusini. Nani katika wakulima wetu angeweza kukipanga hicho? Twafanya yaliyo ndani ya uwezo wetu, na yaliyo nje yake twayaweka mikononi mwa Mungu. Ndiyo maana tunaendelea kuomba riziki ya leo hata siku ambayo kihenge kimejaa. Tena sala ile haisemi “yangu”, husema “yetu”.

Basi, ndugu, tunapokisoma kisa cha Biblia katika wakati wa mashaka, tujiulize maswali matatu. Kwanza: mtu huyu aliambiwa nini na Mungu, na hali yangu yafanana na yake kweli? Pili: katika kisa hiki mimi ni nani? Usijifanye Yusufu kila siku. Huenda wewe ni mmoja wa wale ndugu, au yule mnyweshaji aliyepata nafuu akamsahau mwenzake gerezani. Tatu: nikikifuata kisa hiki kama ninavyokielewa, nani atashiba na nani atafungwa?

Hirizi haiulizi maswali hayo. Neno la Mungu huyauliza, nalo hungoja jibu letu Julai, wakati wa mavuno, kabla Februari haijafika.

Bwana awe nanyi.