Ngumi ya Hewani na Mkono wa Amani



Wapendwa vijana, likizo iliyopita mama yangu mdogo aliniuliza swali ambalo nilidhani jibu lake ninalo mfukoni. Wanawe wawili walikuwa sebuleni wanapigana ngumi mbele ya TV. Kila mmoja ameshika rimoti ya gemu, wanarusha mikono hewani, jasho linawatoka. Mama mdogo akasimama mlangoni na mwiko wake akaniambia, "Hivi Frateri, wewe uliyesoma falsafa, hebu niambie. Hawa wanacheza au wanajifunza kupigana? Hii si dhambi kweli?"

Nikamjibu harakaharaka, kama mtu aliyeulizwa jambo la darasa la kwanza. "Mama, kwani wanampiga nani? Pale hakuna mtu. Kama hakuna anayeumizwa, na hakuna nia ya kuumiza, dhambi itoke wapi? Ni mchezo tu." Akaridhika, akarudi jikoni. Nusu saa baadaye jibu langu lilinirudia usoni. Nitawaeleza ilivyokuwa, ila kwanza tuzielewe gemu zenyewe, maana wengi wetu tumezoea zile za vibandani, za kubonyeza vitufe.

Hizi nyingine zinachezwa kwa mwili. Mwishoni mwa mwaka 2006 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mashine inayoitwa Wii. Rimoti yake ina kifaa kidogo ndani kinachopima mwendo wa mkono: ukirusha ngumi sebuleni, kikatuni chako nacho kinarusha ngumi kwenye TV. Gemu yake iliyojulikana sana, Wii Sports, ilitoka na michezo mitano, ndondi ikiwemo, na nakala zake zimepita milioni 82. Mwaka 2010 wengine wakafuata. Sony walileta PlayStation Move, na Microsoft wakaleta Kinect, ambayo haina hata rimoti. Kamera inakutazama wewe mzima mzima.

Wahakiki wa gemu walizipokea kwa maoni yaliyogawanyika. Katika Wii Sports wengi walisifu tenisi na boling, lakini ndondi ikaonekana dhaifu kuliko wenzake. Red Steel ya 2006, ambayo mchezaji anapigana kwa upanga, ililalamikiwa kwamba upanga haufuati mkono. Toleo lake la pili, la 2010, lilipata sifa zaidi kwa sababu lilitumia kifaa kilichosoma mkono kwa usahihi zaidi. Mwaka huohuo The Fight: Lights Out ya Move haikupendwa na wengi, na Fighters Uncaged ya Kinect ikapewa alama za chini mno. Miaka saba baadaye ilikuja ARMS, ikapokelewa vizuri, lakini hata humo mchezaji aliachiwa uhuru wa kuacha kurusha mikono na kubonyeza vitufe kama zamani.

Ukiyasikiliza malalamiko hayo vizuri, utakuta mambo matatu yanajirudia. La kwanza: "Nimefanya hivi, mashine imefanya vile." La pili: ngumi inapita hewani, haigusi kitu. La tatu linachekesha kidogo. Wachezaji waligundua kwamba si lazima usimame na kurusha mkono wote. Ukikaa zako kwenye kochi na kutikisa kifundo cha mkono tu, mashine inaridhika. Inapima mtikisiko. Kama umejitoa mzima au umetikisa vidole, hilo haliijui.

Mimi nikajiuliza: mbona kwenye gemu za vitufe hakuna anayelalamika kwamba kidole gumba chake hakifanani na ngumi? Nadhani ni kwa sababu kitufe ni alama tu tuliyokubaliana. Kitufe hiki kipige, kile kiruke, kesho tunaweza kuvibadilisha na hakuna atakayeumia. Mkono ni habari nyingine. Mkono unapojikunja na kwenda mbele kwa nguvu, tayari unasema kitu, hata mtoto mchanga anakielewa. Ndiyo maana mchezaji anaudhika mkono wake "unapotafsiriwa" vibaya. Anajisikia kama mtu aliyesema neno moja likaandikwa lingine.

Hapo wahakiki wa gemu, bila kukusudia, wamegusa jambo ambalo Kanisa linalifundisha siku nyingi. Mtaguso wa Vienne, mwaka 1311 hadi 1312, ulifundisha kwamba roho ya mtu ndiyo umbo la mwili wake. Kwa lugha rahisi: wewe si roho iliyopanda ndani ya mwili kama dereva ndani ya daladala. Mwili wako ni wewe. Mtakatifu Yohane Paulo II alitumia katekesi zake za Jumatano, kati ya mwaka 1979 na 1984, kutufundisha kwamba mwili unamdhihirisha mtu. Ndiyo maana sisi Wakatoliki hatusali kwa mawazo matupu. Tunapiga magoti, tunapiga kifua, tunapakwa mafuta, tunamwagiwa maji, tunapeana mikono.

Sasa turudi sebuleni. Baada ya mama mdogo kuondoka, yule mdogo akaniita, "Kaka Frateri, njoo nikutandike!" Nikapokea rimoti. Wii inakuruhusu kutengeneza vikatuni vyenye sura za watu: unachagua nywele, macho, pua, chochote. Dogo akachagua kikatuni alichokitengeneza ili kumchekesha kaka yake, mzee mwenye kipara, sharubu nene na miwani. Yeye hakujua kitu. Mimi nilivyokiona tu nikamwona mtu.

Nina baba mdogo mwenye kipara, sharubu nene na miwani. Baba yetu alipofariki, mzee huyo aliuza shamba ambalo mama yetu alikuwa akilitegemea, bila kumshirikisha. Ni habari ya miaka sita iliyopita. Nilikwisha kuwaambia walezi wangu kwamba nimesamehe, na nilipokuwa nikiwaambia niliamini kabisa kwamba nasema kweli.

Basi nikaanza kupiga. Mwanzoni tulicheka. Kisha mwenzenu nikaacha kucheka. Nilirusha kushoto, kulia, kushoto, kulia, meno nimeyauma. Kikatuni kikaanguka na mwamuzi akaanza kuhesabu. Nikajikuta natamani kisiinuke. Dogo akanitazama akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, umekasirika?" Nikamwambia nimechoka, nikaweka rimoti mezani, nikatoka nje.

"Kwani wanampiga nani? Pale hakuna mtu." Ndivyo nilivyomjibu mama mdogo. Kosa langu lilikuwa kumtafuta aliyeumizwa upande mmoja tu, upande wa anayepokea ngumi. Darasani tulifundishwa kwamba tendo la mtu lina pande mbili. Kuna linachofanya nje, kama fundi anapochonga mbao, na kuna linachofanya ndani ya mtendaji mwenyewe. Aristotle alisema mtu anakuwa mwenye haki kwa kutenda yaliyo ya haki. Basi na kinyume chake ni kweli. Hata pale ambapo nje hakukatika mbao, fundi anaendelea kuwa fundi wa namna fulani.

Lakini tusiende haraka tukahukumu kila kitu. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba mchezo ni pumziko la roho kama usingizi ulivyo pumziko la mwili, na kwamba kuna fadhila ya kucheza kwa kiasi. Wale wadogo zangu wawili walikuwa wanacheza kweli. Walikuwa wanapeana zamu, wanacheka, aliyeshindwa anamkumbatia aliyeshinda na jasho lake. Nia yao ilikuwa furaha ya pamoja, na baadhi ya wahakiki walizisifu gemu hizi kwa sababu hiyohiyo: zilinyanyua familia nzima kwenye kochi. Mkono uleule, rimoti ileile, sebule ileile. Wao walicheza, mimi nilipigana. Tofauti ilikuwa nia.

Na hata kwangu lazima tuwe waangalifu. Hasira iliyonishtukiza nilipoiona ile sura haikuwa dhambi bado. Ilikuwa jeraha lililoguswa. Dhambi ilianza pale nilipoitambua, nikaikaribisha, nikaipa mkono wangu iutumie. Bwana wetu alitufundisha mlimani kwamba amri ya kutoua inaanzia kwenye hasira tunayomfugia ndugu. Ndugu hakuhitaji kuwapo sebuleni.

Mtaniuliza, "Sasa Frateri, gemu ndiyo iliyokuharibu?" Hapana. Gemu haikuniwekea hasira ile. Iliikuta imejaa tele. Lakini msije mkadhani gemu zote ni sawa. Mtakatifu Augustino anasimulia juu ya rafiki yake Alipio, aliyeburutwa na wenzake kwenda kuona watu wakiuana uwanjani kule Roma. Alijigamba kwamba atafumba macho. Umati ulipopiga kelele akafumbua, na mara moja akalewa ule ukatili, akawa anarudi na kuwavuta wengine. Mwaka 2007 palizuka mjadala mkali juu ya gemu ya Manhunt 2. Uingereza bodi ya ukaguzi iliinyima kibali, na Marekani ikalazimika kupunguzwa makali kabla ya kuuzwa. Kwenye Wii mchezaji alitakiwa kufanya kwa mkono wake ishara ya kuua, na hilo liliwatisha wengi. Mimi nadhani walikuwa na sababu. Ndondi ina kanuni, mwamuzi, na mpinzani ambaye kengele ikilia unampa mkono. Kuzoeza mkono kumnyemelea mtu na kumchinja, na kufurahia, ni kujifundisha lugha ambayo huna mtu mwema wa kuzungumza naye.

Niliporudi seminarini nilikwenda kuungama. Padri hakuniuliza lolote kuhusu gemu. Aliniuliza tu, "Mara ya mwisho ulimpa mzee huyo mkono lini?"

Nikakumbuka. Ilikuwa kwenye Misa ya kumwombea marehemu baba, mwaka mmoja kabla. Padri akasema tutakiane amani. Baba mdogo alikuwa benchi la mbele yangu. Akageuka, akaninyoshea mkono wake wote. Mimi nikampa ncha za vidole, nikitazama pembeni, nikageukia mtu mwingine. Nikarudi kukaa nikijihesabia kwamba nimetimiza. Amani imetolewa, Misa iendelee.

Ndugu zangu, mnakiona nilichokifanya? Ni kile kile cha kwenye kochi. Nilitikisa kifundo cha mkono nikadhani Mungu ataridhika kama mashine inavyoridhika. Mtu aliyekuwapo mbele yangu, mwenye joto la mkono, nilimpa mtikisiko. Mtu asiyekuwapo, katuni yenye sharubu, nilimpa mwili wangu wote, nguvu zangu zote. Wahakiki walilalamika kwamba mashine haikusema kile mkono ulichosema. Kanisani mambo yalikuwa kinyume. Ishara ya Kanisa ilikuwa kamili, ni mkono wangu uliosema uongo.

Kwa hiyo kijana mwenzangu, ukiniuliza tena kama gemu hizi ni dhambi, sitajibu harakaharaka. Nitakuomba ujichunguze. Unapocheza, unacheza na nani, na unampiga nani moyoni? Ukimaliza, unamkumbatia mwenzako au unatoka nje peke yako kama mimi? Na mkono huohuo ukiingia kanisani, ishara ya msalaba unaichora kweli, au unafukuza nzi? Amani unaitoa, au unaitikisa?

Mwezi wa kumi na mbili nitakwenda nyumbani. Shamba halitarudi, na sidhani kama mzee ataomba msamaha. Mama yangu bado anakodi sehemu ya kulima, na hilo ni kosa la haki ambalo kusamehe hakulifuti. Siku moja itabidi familia ikae ilizungumze. Lakini nimeamua kwenda kwake kabla ya Krismasi, nimwamkie shikamoo, nimpe mkono wote. Sina uhakika moyo utakuwa umefika. Ninachoamini ni kwamba mwili ukitangulia kwa unyofu, bila kuigiza, unaweza kuuvuta moyo nyuma yake, kama goti linalopigwa siku ambayo hujisikii kusali. Kama ngumi za hewani zilinizoeza chuki, basi mkono wa kweli nao una kitu cha kunizoeza.

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyenyosha mikono yako msalabani kwa ajili ya waliokupiga, itakase mikono yetu. Utufundishe kucheza kwa furaha bila chuki, na kutoa amani bila kubakiza. Amina.

Mniombee, nami ninawaombea. Na wewe kama kuna mtu uliyempa ncha za vidole Jumapili iliyopita, bado Jumapili nyingine inakuja.